Filipo Kwenye Njia Isiyo na Watu

Somo la juma hili: Matendo ya Mitume 8:26–40. Soma pia Mwanzo 16:7–14 na Isaya 56:3–8.

Juma lililopita tulimwacha Filipo Samaria, pepo wakitoka, viwete wakitembea, mji mzima ukiwa na furaha. Petro na Yohana walikuwa wameshuka kutoka Yerusalemu kuja kujionea. Leo tunaendelea, na somo linatupeleka mahali ambapo hakuna mji wala mkutano. Kabla hujasoma zaidi, chukua Biblia usome fungu lote. Ni mistari kumi na mitano tu, chai haitapoa.

Umesoma? Sasa rudi mstari wa 26. Malaika anamwambia Filipo aondoke aende kusini, ashike njia inayoshuka kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Halafu Luka anaongeza jambo dogo ambalo wengi wetu tunalipita mbio: kwamba hapo ni jangwa. Waalimu wa Maandiko wamejadiliana sana hapa. Wengine wanasema ni njia yenyewe iliyokuwa jangwa. Wengine wanasema ni Gaza ya kale, kwa sababu mji ule ulivunjwa na Alexander Jannaeus, mfalme wa Wayahudi, karibu mwaka wa 96 kabla ya Kristo, na Warumi walipoujenga tena miaka kama 40 baadaye, mji mpya haukukaa pale pale pa zamani. Ukifuata maoni hayo, Filipo alitumwa kwenye njia ya kuelekea mahame, yaani mahali palipowahi kukaliwa na watu wakahama.

Tuiweke hivyo kwanza: mhubiri aliye katikati ya uamsho anaambiwa aache umati aende kwenye njia ya jangwani. Bila kueleza sababu. Na Filipo akaondoka.

Ili tuone njia ya namna hiyo inavyokuwa, twende moja ya hapa kwetu Kenya. Kama umewahi kwenda Mombasa kwa basi la usiku, umeipita, na huenda ulikuwa umelala. Ukishatoka Voi, kabla ya Samburu na Mariakani, kuna mahali panaitwa Mackinnon Road. Wageni hudhani hilo ni jina la barabara. La, ni jina la mahali, ila lilitokana na barabara ambayo leo haipo.

Pale ni nyika ya Taru. Miiba, udongo mwekundu, mvua ya kubahatisha. Misafara ya zamani, kabla ya reli, ilitegemea maji ya mvua yaliyotuama kwenye mashimo ya miamba pale Taru, na mashimo yakikauka ilikuwa ni shida tupu. Sasa tajiri mmoja wa meli, Mskoti aitwaye Sir William Mackinnon, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888. Mwaka wa 1890 kampuni hiyo ikaanza kukata barabara ya mikokoteni ya maksai kutoka Mombasa kuingia bara. Mackinnon akafa 1893. Kampuni ikashindwa, ikarudisha hati yake, serikali ya Uingereza ikachukua nchi 1895. Barabara ikaendelezwa na mwanajeshi mmoja, Captain Sclater, kupitia Kibwezi, ikaja mpaka Busia. Ndiyo, Busia hii hii yetu. Karibu kilomita 960, kuanzia maji ya chumvi hadi kukaribia maji yetu matamu.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, kwa hiyo tarehe hizi zinanisumbua kuliko zinavyowasumbua wengine. Mwaka wa 1896 wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Yaani barabara ile haikupata hata miaka kumi ya kutumika vizuri. Kwato za maksai hazijamaliza kuikanyaga, tayari ilikuwa imepitwa. Reli ikapita pale pale nyikani, wakaweka stesheni, na stesheni ikabaki na jina la barabara iliyoachwa.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 1947 India ilipata uhuru, na Uingereza ikawa inatafuta mahali pengine pa kuweka vifaa vyake vya kijeshi. Wakachagua Mackinnon Road. Wakaleta mashine na maelfu ya vibarua, wakajenga maghala makubwa na kambi katikati ya miiba. Kwa miaka michache nyika ikawa na kelele za mji. Kufikia 1950 hivi mpango mzima ukawa umeachwa. Fedha iliyomwagwa pale ilikuwa nyingi, na haikurudi.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa Nairobi, watu maelfu wakakamatwa kwa tuhuma za Mau Mau, wakapelekwa Lang'ata, Manyani, na Mackinnon Road. Mahali palipotengenezwa kuweka vitu pakawekwa watu. Wapendwa wa Usenge, hapa tusijifanye wageni. Mkisimama ufukweni mkaangalia Mageta, mnaona kisiwa ambacho nacho kilikuwa kambi ya wafungwa hao katika miaka hiyo hiyo. Wazee wetu wanakumbuka. Walinzi na wafungwa walipoondoka Mageta hapakuwa na biashara yoyote ya kumfanya mtu abaki, isipokuwa samaki. Na samaki wakatosha, maana leo kuna wapendwa wetu wanaovuka kutoka kule kila Jumapili.

Turudi nyikani. Mwaka wa 2017 treni mpya ya SGR ilianza. Ile ya zamani ya abiria ikasimamishwa. Treni mpya inasimama Mariakani, Miasenyi, Voi na kuendelea. Mackinnon Road si stesheni yake. Mwaka wa 2019 mizigo ya bandarini ikaamriwa iende kwa reli, na miji ya kando ya barabara kuu, Mtito Andei ikiwa mbele, ikalia: malori yamepungua, hoteli hazina wateja, wa kuziba pancha wamekaa tu. Mwaka wa 2022 amri ile ikaondolewa. Lakini mtu aliyefunga hoteli kwa miaka mitatu hairudishi kwa amri.

Sasa hesabu pamoja nami. Barabara ya maksai, ghala la jeshi, kambi ya wafungwa, stesheni ya treni. Mara nne wakubwa wamekuja pale na mpango, na kila mpango ulipangwa mbali: London, Nairobi, bandarini. Kila mpango ulipokufa, waliokuja nao waliondoka. Waliobaki ni wale waliokuwepo tangu mwanzo, Waduruma na majirani zao wafugaji, na wachache walioamua kutorudi kwao. Na jambo la kuchekesha kidogo: mahali hapo panapoonekana hapana kitu, kaunti mbili, Kwale na Taita Taveta, zimepagombania kwa miaka mingi kila moja ikisema ni pake. Mahali pasipo na faida hapagombaniwi hivyo.

Kuna kitu kingine kilichobaki. Kando ya barabara kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, mtu wa Punjab aliyefanya kazi ya kujenga reli. Madereva wengi, hata wasio Waislamu, hupunguza mwendo pale. Imani yao si yetu na sifundishi hapa kwamba tuombe makaburini. Nasema tu kilichonigusa: ghala la jeshi limekwisha, barabara ya Mackinnon imekwisha, lakini mahali ambapo mtu alikumbukwa kwa maombi, watu bado wanasimama.

Mwaka jana nikirudi kutoka kwenye semina Mombasa, basi letu lilipata pancha maeneo hayo. Tulikaa karibu saa mbili. Mama mmoja mzee akatokea na ndoo ya mayai ya kuchemsha na maji ya chupa, akauza yote. Nikamuuliza, mama, na siku ambazo hakuna anayesimama hapa unauzia nani? Akacheka sana. Akanieleza kwamba pancha hazikosi, na kwamba mtu mwenye shida akikukuta upo, huyo ni mteja kuliko mia wanaopita. Nilisoma masoko miaka minne chuoni na hakuna aliyenifundisha hivyo.

Hapo ndipo nataka tumwone Filipo.

Chukua daftari uandike pande mbili. Upande wa Samaria: mji, umati, furaha, mitume wawili wamekuja kukagua kazi, waongofu wapya wanaohitaji mwalimu. Upande wa njia ya Gaza: jangwa. Kama Filipo angeleta pendekezo lake mbele ya baraza la wazee wa kanisa lolote ninalolijua, hata hili letu, lisingepita. Nani ataendelea na kazi Samaria? Nauli itatoka wapi? Unatarajia watu wangapi? Na jibu la kweli lilikuwa mmoja. Mtu mmoja, ambaye hata hataishi karibu, hatatoa fungu la kumi kwako, na hutamwona tena mpaka mbinguni.

Lakini mwangalie huyo mmoja. Alikuwa Mkushi, mtu wa nchi ya Sudan ya leo, mtunza hazina ya Kandake. Kandake hakikuwa jina la mtu. Ndivyo malkia wa Kushi walivyoitwa, kama vile Farao kwa Wamisri. Mji wao mkuu, Meroe, ulikuwa kando ya mto Nile, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Yerusalemu. Na maji yanayotoka ziwani kwetu pale Jinja ndiyo yanayoteremka mpaka yakapita Meroe. Mtu huyu alikunywa maji ambayo yalianzia kwetu. Msiniambie Biblia ni kitabu cha watu wa mbali.

Alikuwa amekwenda Yerusalemu kuabudu. Lakini alikuwa towashi, na torati katika Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia mtu wa namna hiyo asiingie katika kusanyiko la Bwana. Fikiria safari ya majuma mengi, vumbi, gharama, halafu ukifika mlangoni unaambiwa wewe ishia hapo nje. Anarudi nyumbani na kitabu tu. Anasoma Isaya, pale panapohusu mtumishi aliyedhulumiwa, aliyenyamaza kama kondoo, na uzao wake nani atauhesabu. Mtu asiyeweza kupata mtoto anasoma habari za mtu aliyekatiliwa mbali bila uzao. Kwani ni ajabu alitaka kujua nabii anamsema nani?

Ona tena kwamba sura tatu tu mbele, Isaya 56, Mungu anawaahidi matowashi wanaoshika agano lake jina bora kuliko la wana na binti, ndani ya nyumba yake. Luka hatuambii kama walifika hapo wakisoma. Mimi naamini walifika. Njia ilikuwa ndefu, gari lilikwenda polepole, na Filipo hakuwa mtu wa kuacha sura katikati.

Na palikuwa na maji. Jangwani! Towashi mwenyewe ndiye aliyeyaona akauliza kinachomzuia asibatizwe. Lile neno la kuzuiwa lilikuwa limemfuata tangu Yerusalemu. Safari hii hakuna kilichomzuia. Wakateremka majini wote wawili.

Mtu wa Samaria angeweza kumpata mhubiri mwingine. Petro na Yohana walikuwepo, na wakirudi Yerusalemu walihubiri katika vijiji vingi vya Wasamaria. Towashi hakuwa na mwingine. Barabara kuu ingekuwa na watu, labda mtu mwingine angepanda gari lake. Kwa sababu ilikuwa tupu, ilibidi atumwe mtu.

Hajiri vilevile. Katika Mwanzo 16 mjakazi mjamzito anakimbia mateso, na malaika anamkuta kwenye chemchemi ya njia ya Shuri, huko huko kusini nyikani. Kisima kile kikapata jina kwa sababu ya Mungu aliyemwona. Hakuna aliyeanzisha mji pale kwa ajili yake. Lakini soma Mwanzo 25:11: baada ya Ibrahimu kufa, Isaka anakaa karibu na kisima hicho hicho. Mahali ambapo mjakazi mtoro alilia pakawa makao ya mrithi wa ahadi.

Basi nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mnajua nitalifikia, maana limezungumzwa hata kwenye kinyozi. Kituo chetu cha bichi.

Wale waliokuwepo tulipokianzisha wanakumbuka. Boti nyingi, mbuta wanapimwa mpaka jioni, malori ya barafu yamejipanga, vijana wa kuvuta nyavu wamejaa, kina mama wa omena wametandaza mpaka hakuna pa kukanyaga. Tuliweka mabati tukijua tutapanua. Halafu samaki wakapungua, wenye boti wakahamia bichi nyingine, lori la mwisho la barafu likaacha kuja. Ni jambo la ziwa hili lote. Hata Asembo Bay na Kendu Bay zilikuwa zikitia meli za abiria na mizigo enzi zile. Meli zilipoacha kuja, maduka yakafuata. Leo kituo kina watu kumi na wawili hivi, wengi wajane na wazee, na watoto walioachiwa bibi zao. Sadaka ya mwezi haitoshi petroli ya kumvusha mhubiri mara mbili.

Pendekezo lililo mbele ya baraza ni kukifunga, mabati yaletwe hapa kujenga darasa la watoto, na washirika wale waambiwe waje Usenge. Hesabu hiyo ni sahihi. Niliifanya mimi, na nikiulizwa nitaifanya tena vile vile. Wanaoleta pendekezo hilo wanaipenda kazi ya Mungu. Tusiwaite watu wa mwili.

Lakini hesabu inajibu swali lililoulizwa, na swali lililoulizwa lilikuwa la jengo. Filipo hakujenga kitu njiani. Baada ya ubatizo Roho alimchukua akaonekana Azoto, akahubiri miji yote mpaka Kaisaria, na miaka mingi baadaye, Matendo 21, Paulo anamkuta huko Kaisaria ana nyumba na binti wanne wanaotoa unabii. Jangwani hakubaki hata siku moja. Kwa hiyo anayesema ni lazima mabati yabaki kule, hapati msaada kwa Filipo. Mabati si agano. Maghala ya Mackinnon Road yalikuwa mazuri kuliko kanisa letu na hayakumwokoa mtu.

Ila anayesema wale kumi na wawili waje Usenge, naye hapati msaada kwake. Towashi hakuambiwa arudi Yerusalemu ajaribu tena mlangoni. Filipo alitumwa mpaka garini, na mstari wa 30 unasema alikimbia. Mama mwenye miguu iliyovimba, asiye na nauli ya boda mpaka hapa, ukimwambia aje, umemwambia asije. Tuseme ukweli huo kwa Kiswahili rahisi kabla ya kupiga kura.

Maoni yangu, na baraza liko huru kuyakataa: mabati yaje, darasa lijengwe, watoto wanyeshewe kwa nini. Na mtu aende. Ibada ifanywe katika boma la mmoja wao chini ya mti, Jumapili mbili kwa mwezi, na petroli iwekwe kwenye bajeti ya uinjilisti, isingoje sadaka ya kule. Tukiitafuta kwenye sadaka ya kule tunawaomba wajane walipie kukumbukwa. Huyo mtu si lazima awe mchungaji. Filipo mwenyewe alichaguliwa kwanza kuhudumu mezani, Matendo 6, kwa ajili ya wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Alianza na wajane. Sidhani kuna mtu aliyeshangaa alipotumwa jangwani, ila sisi.

Maswali ya vikundi vya nyumbani, Jumatano:

Tazama mstari wa 26 na wa 29. Kwanza malaika alimwonyesha njia, kisha Roho akamwonyesha gari. Kwa nini hakuambiwa yote mara moja akiwa Samaria?

Ni nani katika kijiji chenu aliyekuwa akija kanisani wakati samaki walikuwa wengi, na sasa haji? Mtajeni kwa jina katika maombi, na mmoja wenu amtembelee kabla ya Jumapili.

Kama kikundi chenu kingepewa Jumapili moja kati ya zile mbili za bichi, nani angekwenda? Andikeni jina lake. Msiandike jina la mtu ambaye hayupo kwenye kikao.

Baraza litakutana Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi. Majibu ya swali la tatu yafike kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Boti ya kwenda kuwaona wapendwa wa kule itaondoka Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Iko nafasi ya watu sita. Kina mama wameahidi unga na sukari, na mwenye dawa ya maumivu ya viungo asiisahau nyumbani.